Shabab, Njoro na kurudi: shajara ya mtu mzito anayejifunza kukimbia

Wiki ya 1, Januari

Nina miaka 38, kilo 91, nauza spea za magari hapa Nakuru siku sita kwa wiki, na mara ya mwisho kukimbia kwa nia nilikuwa darasa la saba tukifukuzwa na nyuki. Mradi ni huu: kabla Aprili iishe nikimbie kilomita 42.195, zote, kwa miguu hii hii. Siendi mashindano. Mashindano yana kiingilio, yana nauli, yana kulala huko, na bosi hataki kuskia mtu akiomba ofu Jumamosi. Kwa hivyo nitajitengenezea marathoni yangu Jumapili moja, kutoka mtaa wa Shabab ninapokaa mpaka mbele kidogo ya mji wa Njoro, halafu nageuka narudi. Naandika hapa nikipata nafasi ndio baadaye nisijidanganye.

Chanzo ni presha. Desemba ilisoma 152 kwa 96, daktari akaniangalia vile sisi huangalia gari imeletwa ikivutwa na kamba, akasema kabla ya dawa anataka nipunguze chumvi na nianze kutembea. Alisema kutembea. Kukimbia nimejiongezea mwenyewe.

Jumanne nikatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na raba za mitumba za 1,200. Kama mita mia sita hivi nikakutana na watoto wakingoja basi la shule, wakaanza, Kipchoge! Kipchoge! Sasa mtu ufanye nini. Nikanyoosha mgongo, nikaongeza spidi, nikawapita nikitabasamu kama niko kwa kalenda, nikakata kona, nikashika geti ya wenyewe nikahema mpaka mbwa wa ndani akaanza kubweka. Hiyo ndio kilomita yangu ya kwanza, na sikuimaliza.

Na hii ndio shida ya kukimbia huku kwetu. Hapa kila mtu anajua kukimbia kunakaa aje. Faith Kipyegon ni wa Keringet, kaunti hii hii. Samuel Wanjiru, aliyeletea Kenya dhahabu ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki, Beijing 2008, saa 2:06:32, alikuwa wa Nyahururu, hapo juu tu. Mama anayeuza kabeji barabarani akikutupia jicho moja ashajua wewe ni wa nini. Ni kama kuimba kwaya mbele ya watu wote wenye sauti.

Wiki ya 3

Afande ni mstaafu wa jeshi, miaka 66, anakaa ploti ya pili kutoka kwetu, na enzi zake alikimbilia kikosi chake mbio za nyika. Kumbe amekuwa akiniona. Jumapili akanisimamisha akaniuliza, "Kijana, unafukuzwa na nani?" Nikamwambia nafanya mazoezi Afande. "Hapana. Wewe unaonyesha watu mazoezi."

Ilinichoma, sitadanganya.

Kesho yake akanitoa mwenyewe. Sheria moja tu: tunaongea. Ananiuliza jana nilikula nini, nikianza kujibu kwa kukatakata, maneno mawili pumzi, maneno mawili pumzi, anapunguza mwendo. Alipunguza mpaka mama mmoja na beseni la mboga kichwani akatupita. Nataka hiyo ieleweke vizuri. Mimi nakimbia, yeye anatembea, na alinipita, akatusalimia kwa heshima, akaenda zake. Masikio yalinipata moto. Afande wala hakugeuza kichwa, anaendelea kuniuliza kama ndengu zilikuwa na nazi.

Alivyonieleza ni hivi, na nimekuja kusoma nikakuta ni kweli: mwendo wa polepole ndio unajenga ile mishipa midogo midogo ya damu kwa misuli na unafundisha mwili kuchoma mafuta badala ya kumaliza sukari haraka. Na pumzi huwa inakuja mbio, wiki chache tu unaskia uko sawa, lakini kano na mifupa inachukua miezi. Kwa hivyo mtu anaskia kifua kiko fiti anaongeza spidi na chini bado ni ile ile ya zamani. Kwa lugha ya dukani, umeweka injini ya Subaru kwa Vitz yenye bushi zimeisha.

Tulifanya kilomita 5 kwa dakika 42. Sikuhema hata mara moja. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira.

Wiki ya 5

Mambo mawili ya aibu, naandika haraka.

Moja, usile githeri usiku kama utakimbia alfajiri. Kilomita ya sita tumbo likaanza kuzungumza, ya saba likaanza kupiga kelele, nikatembea hatua fupi fupi kama bibi arusi mpaka stesheni ya petroli, na jamaa wa usiku akasema choo ni cha wateja. Nilinunua maji ya hamsini nikapewa ufunguo. Tangu hapo kabla ya kukimbia ni ndizi moja na chai ya rangi, basi.

Mbili, mapaja. Hakuna mtu aliniambia kuhusu mapaja. Mtu wa kilo 88 (ndio, tatu zimeenda) akikimbia saa nzima na kaptula ya pamba iliyoloa jasho, ngozi inachubuka mpaka kuoga ni kulia. Sasa napaka mafuta ya mgando kabla ya kutoka, mapaja, kwapa na chuchu, na bibi yangu akiniona anacheka mpaka anakaa chini.

Wiki ya 7, Februari

Hii ndio wiki nilijiharibu.

Afande alikuwa ameenda kuona watu wake, nikabaki peke yangu, pumzi iko, vumbi la Februari nimeshalizoea, nikasema Jumapili hii wacha nipande Menengai, ule mlima wa volkano juu ya mji. Mjini tuko kama mita 1,850 juu ya bahari, ukingo wa Menengai ni 2,278, kwa hivyo ni zaidi ya mita mia nne za kupanda tu. Nilipitia mjini, nikaingia Milimani kwenye mbwa wa matajiri, nikaanza kupanda. Kule juu kwenye miti ya mikaratusi kuna baridi nzuri na harufu ya majani, hewa ni nyepesi lakini unapata. Nilipanda polepole kweli, vile nimefundishwa, kuna mahali nilikuwa karibu natembea. Nikafika juu, nikasimama ukingoni nikaona shimo lote lile, mvuke wa visima vya GDC, ile kampuni ya jotoardhi, unapanda kule chini, na upande wa nyuma mji wote na ziwa. Nikaskia kama nimeshinda kitu.

Halafu kukawa na vijana watatu wanateremka, wakimbiaji wa kweli, wale wa miguu ya swala, mmoja akaniambia "twende mzee." Mzee! Nikaenda.

Kuteremka ndiko kunaua, na sikujua. Ukipanda unachoka mapafu tu. Ukiteremka kila hatua mguu unafunga breki, uzito wako wote na zaidi unaangukia goti, na paja linafanya kazi huku linavutwa. Nilikaa nao kama kilomita mbili unusu, moyoni nikijiita mwanariadha, hatua zangu zikipiga lami paa paa paa na zao hazisikiki. Wakapotea. Kilomita ya tatu ya kuteremka, nje ya goti la kushoto, pakaingia kitu kama msumari wa moto. Nikisimama kinaisha. Nikitembea hakipo. Nikikimbia hatua ishirini kinarudi pale pale.

Nilipanda boda kutoka Milimani mpaka nyumbani, shilingi 150, na boda akaniuliza kama niliibiwa.

Wiki ya 8 na ya 9

Sikimbii.

Fisio, yule mtaalamu wa viungo, 1,500 kwa kila kikao, aliniambia kuna utepe mgumu kama kano unaotoka nyongani unashuka nje ya paja mpaka chini ya goti, na wangu umekasirika. Goti lenyewe halina makosa, makosa ni nyonga dhaifu kwa sababu nasimama kaunta siku nzima nimeegemea mguu mmoja. Nilicheka kwa sababu ni kweli, miaka kumi na moja nimeegemea ule wa kushoto. Dawa ni mazoezi ya kulala ubavu na kuinua mguu, na kutembea upande upande kama kaa ukiwa umefungwa mpira kwa magoti. Alitaka kuniuzia mkanda wa raba wa 800. Nilienda dukani nikakata tyubu ya pikipiki iliyokufa, upana wa vidole vitatu, nikafunga fundo, kazi ni ile ile. Wateja wananikuta nikitembea kama kaa katikati ya rafu za filta na beringi. Bosi amezoea.

Lakini mwili ndio ulikuwa rahisi. Kichwa kilinisumbua zaidi. Saa kumi na moja bado naamka mwenyewe, nalala macho wazi naskia miguu ya watu wengine ikipita barabarani, na naskia wivu, wivu kabisa, kwa mtu simjui. Nikawa mkali nyumbani bila sababu. Nikarudia chipsi. Jioni moja nikafungua simu nikaanza kuhesabu: wiki mbili bila kukimbia, zimebaki saba, kwa hivyo haiwezekani, kwa hivyo wacha tu, nani aliniuliza kwani, si nilitumwa kutembea. Hiyo sauti inaongea kwa busara sana. Inatumia hesabu. Ingekuwa inatukana ningeitambua haraka.

Bibi yangu ndiye aliyeivunja, na wala hakuwa anajaribu. Alikuwa anakunja nguo akasema, "Hizo soksi zako zimekauka wiki mbili, nizipeleke wapi?" Nikamwambia ziache hapo juu. Hivyo tu. Kesho yake nikafanya mazoezi ya nyonga mara tatu.

Wiki ya 11, Kisumu

Matanga ya mjomba wa bibi yangu, upande wa Dunga. Nimerudi kukimbia wiki iliyopita, kilomita 4, 6, 6, goti kimya. Nikajiambia Kisumu iko chini, mita 1,130 hivi, mimi natoka 1,850, oksijeni itakuwa ya kumwaga, nitapaa.

Tatizo la kwanza lilikuwa nguo. Niko na kaptula, nafungua mlango saa kumi na mbili kasoro, bibi yangu ananishika mkono. "Utapita mbele ya mama na hiyo kaptula? Na watu wamelala hapo nje?" Kweli uani pamejaa wazee wamejifunika blanketi wamezunguka moto, na mama mkwe ameshaamka anapanga vikombe vya chai. Nikarudi nikavaa traki suti ndefu, nyeusi, ile ya baridi ya Nakuru. Nikapita nimeinama, "habari ya asubuhi mama," akajibu vizuri, "wapi mapema hivyo mwanangu?" Nikasema naenda kunyoosha miguu kidogo.

Jua likatoka nikiwa njiani kuelekea ziwani. Kwa kweli mapafu yalikuwa sawa, hewa iko nzito na tamu. Lakini jasho lile halikauki. Nakuru ukitoa jasho upepo unalichukua unaskia baridi, huku kando ya ziwa hewa yenyewe imeshashiba maji, jasho linakaa tu juu yako, mwili haupati pa kutupa joto, moyo unapiga kama ngoma na wewe unaenda mwendo wa kobe. Kilomita ya tano nilianza kuona vinyota. Nikakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa pale ufukweni, mwanaume mmoja aliyekuwa anatoa samaki kwa wavu akanipa maji kwa kopo bila kuniuliza chochote, halafu baada ya muda akasema, "Ndugu, vua hiyo koti."

Nilirudi kwa boda tena. Mama mkwe akaniuliza kama miguu imenyooka.

Wiki ya 13

Kilomita 28, mpango. Kilomita 22, ukweli.

Goti halikuniuma, hakuna kitu kiliuma, niliishiwa tu. Mwili unaweka sukari ya kutosha kama saa moja unusu au mbili za kazi, ikiisha na hujala kitu njiani unazima kama gari iliyokwisha petroli, inakohoa kwanza, jrr jrr, halafu kimya. Nilikuwa nimebeba maji peke yake. Nikakaa chini kando ya barabara ya Njoro, lori zinapita, na nikaskia machozi yakija, mtu mzima, kwa sababu ya kukosa ndizi mbili.

Afande alikaa kando yangu kwenye majani. Hakusema pole. Alisema, "Kipchoge Paris alifanya nini?" Nikamwambia hakumaliza. Ni kweli, Olimpiki ya 2024, yule yule aliyekimbia 1:59:40 kule Vienna 2019, alitembea, akasimama, akatoka. "Na alirudi kwake?" Alirudi Afande. "Basi simama turudi kwetu."

Tulitembea kilomita nne nzima kabla tupate matatu yenye nafasi. Njiani akaniambia kitu kingine, kwamba siku zote anazonikimbiza huwa ananiona nikikutana na watu navuta tumbo ndani na kuinua magoti, na wakipita naanguka tena. "Hiyo unayolipa kila mtu akikuona ni nauli," akasema. "Hesabu umekutana na wangapi leo."

Wiki ya 14

Kilomita 32 na nimezimaliza. Saa 4 na dakika 6. Kila nusu saa tende tatu au nusu ndizi, maji yenye glukosi na chumvi kidogo, hata nikiwa sitaki, hasa nikiwa sitaki.

Mvua imeanza, barabara ni tope, raba moja inaongezeka nusu kilo. Hizi ni mpya, nilinunua duka moja mjini kwa 6,500 na soli ya kulia imefunguka mdomo wiki ya pili, wakasema nimeitumia vibaya. Niliitumia kukimbia. Nimeshona kwa fundi wa viatu, 100.

Nimepata dawa ya kichwa pia. Nilikuwa nahesabu nguzo za stima, haifai, unaishia kuona zimebaki ngapi. Sasa natembeza akili dukani. Naingia mlangoni, rafu ya kwanza kushoto, filta za oili, naanza moja moja, ya Probox, ya Vitz, ya Hiace, bei ya kununua, bei ya kuuza, zimebaki ngapi. Halafu plagi, brekipadi, fenibelti. Nikimaliza rafu moja nimemaliza kilomita mbili na sijui zimeenda wapi. Jumatatu nilimwambia bosi beringi za nyuma za Hiace zimebaki nne, akaenda kuhesabu, zilikuwa nne.

Na leo watoto waliniita Kipchoge nikawapungia mkono na sikuongeza hata robo ya spidi. Mmoja akasema, "Anaenda pole huyo." Nikamwambia ndio.

Wiki ya 16

Kupunguza. Kilomita chache tu wiki nzima ndio miguu ipone, na kila siku kuna kiungo kipya kinauma ambacho jana hakikuwepo. Leo ni kisigino. Jana koo. Afande anasema ni woga umekosa kazi.

Presha: 134 kwa 86.

Jumapili, siku yenyewe

Saa kumi na moja alfajiri, mimi, Afande, na jirani mwenye nduthi, yaani pikipiki, aliyebeba maji, ndizi, tende na soda mbili. Afande alisema atanisindikiza mpaka ya kumi. Giza, manyunyu.

Kwenda ni kupanda, Njoro iko zaidi ya mita 2,100, kwa hivyo nusu ya kwanza ni kama kulipa deni kabla hujakopa. Tulienda mwendo wa kuongea. Afande alifika ya kumi akaendelea, ya kumi na tano akaendelea, nikanyamaza nisimkumbushe. Karibu na ya kumi na saba nikaangalia saa nikakumbuka Kelvin Kiptum, Mungu amrehemu, aliyekimbia marathoni ya Chicago 2:00:35 Oktoba 2023, miezi minne baadaye kijana wa miaka 24 akatutoka kwa ajali ya gari usiku. Saa hiyo angekuwa ameshamaliza na mimi sijafika hata pa kugeukia. Januari hiyo hesabu ingeniua. Sasa ilinifanya nicheke kwa sauti, jirani wa nduthi akauliza nini, nikashindwa kueleza.

Tuligeuka mbele ya Njoro. Hapo ndio niliogopa, kwa sababu sasa ni kuteremka, na goti lina kumbukumbu. Hatua fupi, nyepesi, mikono chini, kila mteremko mrefu natembea hata nikiwa na nguvu. Kundi la vijana wa baiskeli wakapita wakipiga filimbi, twende mzee twende! Nikawaacha waende.

Thelathini na mbili nilifika nikiwa sawa. Thelathini na tano sikuwa sawa. Paja la kulia likashikwa na mkakamao, likasimama kama ubao, Afande akalikanda kwa vidole gumba huku mimi nimelala kwa majani yenye maji nikiangalia mawingu, na ile sauti ya hesabu ikaja: umeshafanya 35, ni zaidi ya vile daktari alitaka, kuna nduthi hapo, hata Kipchoge. Yote ni kweli. Nikainuka nikaingia dukani. Rafu ya kwanza, kushoto. Filta za oili.

Kutoka 37 mpaka 40 sikumbuki vizuri. Nakumbuka soda ya moto. Nakumbuka Afande, ambaye alisema atafika ya kumi, akiwa mbele yangu hatua tatu, shati limeshikamana na mgongo, na mguu wake wa kushoto anauburuta kidogo, kitu sikuwahi kukiona miezi yote hiyo, labda kwa sababu kila siku nilikuwa naangalia nani ananiangalia.

Saa 5, dakika 12. Ilikuwa mbele ya kibanda cha mpesa hapa Shabab kwa sababu simu ndiyo iliamua 42.2 ni hapo. Dada wa ndani aliniuliza natoa au naweka.

Jumatatu

Nakaa ghorofa ya nne. Kupanda naweza. Kushuka, mapaja yamekataa kabisa, kwa hivyo nashuka kinyumenyume, nimeshika reli kwa mikono miwili, ngazi moja moja, nikienda kazini na shati la kola. Ghorofa ya pili nikakutana na mama wa watoto wale wa basi, akasimama na ndoo yake akaniangalia mpaka nikafika alipo.

"Baba, umeanguka?"

"La mama, nilikimbia."

"Ukaenda wapi?"

"Njoro."

"Na matatu ziko?"

Nikamwambia ziko. Akanishikia mkoba mpaka chini.